Mfereji Mmoja

Jamani, mimi Lukia nimeona maajabu mawili. La kwanza lilikuja kijijini kwetu Makanya pamoja na jenereta.

Ilikuwa miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kuingia tena madukani. Mtu mmoja alileta video, akaiweka kwenye banda la mabati kando ya barabara. Sisi tulizoea redio tu. Siku ya kwanza nilishika mdomo. Watu wako ndani ya kisanduku, wanaruka, wanapigana! Mama mkwe akauliza, "Hawa wanakula nini humo ndani?"

Mume wangu Erasmo, baba wa Evance wetu, alinogewa kuliko wote. Lakini alikuwa na mtihani mbele yake. Shamba la mkonge lilikuwa limempunguza kazini. Trekta alijua kuliendesha, ila leseni hakuwa nayo. Salimu, mwenye lori la kubeba jasi ya machimboni, alimwambia, "Lete leseni kabla ya Ramadhani. Ukichelewa, namchukua dereva mwingine." Mtihani wa leseni ulikuwa ukifanyika mjini Same, na Erasmo alikuwa ameshaanguka mara moja. Alama za barabarani zilimchanganya.

Kila jioni alifungua kitabu. Redio inaimba, jenereta linanguruma kule barabarani. Anasoma mstari, anauliza, "Wameshaanza?" Anasoma mwingine, anasimama mlangoni. Ukigeuka, kitabu kiko kitandani, mwenyewe hayupo.

Zamu yetu ya maji ikafika. Sisi hukusanya maji ya mlimani kwenye ndiva, bwawa letu la udongo. Asubuhi tundu linafunguliwa, na mwenye zamu anayaongoza maji hadi shambani kwake. Siku hiyo kulikuwa na video ya mchana. Erasmo akataka kumaliza upesi, akafungua mifereji mitatu kwa mpigo!

Maji yakagawanyika. Mchanga ukayanywa pale pale mwanzoni. Mahindi ya mbali hayakupata hata tone, na ndiva ikakauka. Nilitaka kulia.

Rabia, mwalimu wa elimu ya watu wazima, alikuwa akipalilia shamba lake jirani. Akaja kutazama.

"Shikamoo, Mwalimu," Erasmo alisema, macho chini.

"Marahaba, Baba Evance. Maji yalikuwa machache leo?"

"Hapana. Ndiva ilijaa."

"Basi yamekwenda wapi?"

Erasmo akakuna kichwa. "Nimefungua kote kote."

"Na jioni ukisoma, unafungua mifereji mingapi?"

Nikajibu mimi. "Redio, video na kitabu. Mitatu hiyo hiyo!"

Rabia akacheka. "Kichwa chako hakina ubovu. Ziba miwili. Zima redio. Kaa mahali pamoja, saa ile ile, kabla jua halijazama. Soma ukurasa mmoja, funga kitabu, kisha mweleze Mama Evance ulichosoma. Ukishindwa kueleza, rudia. Ukimaliza, nenda kaangalie video yako kwa raha."

"Ukurasa mmoja tu?"

"Mmoja. Lakini kila siku."

Mwanzo ulikuwa mgumu. Jenereta likinguruma, miguu yake inacheza chini ya meza. "Miguu hiyo inakwenda wapi, na mwenyewe umekaa?" nikamtania. Akacheka, akarudi kwenye ukurasa. Siku zilivyokwenda, akawa ananichorea alama ardhini kwa kijiti. Pembetatu inakuonya. Duara jekundu linakukataza. Hakukosea hata moja, nami nilibaki kumshangaa.

Zamu ya maji ikarudi. Alifungua mfereji mmoja. Tukayafuata maji polepole, yakitambaa hadi bua la mwisho la mahindi. Lo! Maji yale yale, ndiva ile ile.

"Yamefika," Erasmo alisema.

Alikwenda Same, akarudi na leseni mkononi. Nilipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, alikuwa tayari kwenye lori la Salimu.

Nilidhani kitabu kitapumzika. Wapi! Jioni alikaa pale pale, na kitabu kingine.

"Wewe! Leseni si umepata?"

"Hiki ni cha injini. Naendesha kitu nisichokijua ndani."

Nilimtazama. Mimi herufi nilizijua, ila kuziunganisha kulinishinda tangu zamani. Nikanyanyuka, nikazima redio kwa mkono wangu. Nikavuta kigoda.

"Nionyeshe ukurasa wangu," nikasema.

Erasmo alisogeza kitabu. Nikaweka kidole kwenye neno fupi. Nilihangaika nalo, jasho likanitoka. Jenereta lilinguruma kule barabarani, wala sikugeuka.

"Ma... ji," nikasoma. "Maji!"

Hilo ndilo ajabu la pili.