Nyumba ya Watu Wawili

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Alishona vifungo vya sare za shule nyumbani kwake, ghorofa ya tatu. Asubuhi gunia la mashati liliachwa mlangoni, jioni likachukuliwa. Aliyelileta alibisha hodi na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa. Ndivyo serikali ya jiji ilivyoagiza siku za ugonjwa. Ugonjwa ulipopungua, mazoea yalibaki. Wiki nzima iliweza kupita bila mtu kumwambia neno. Alikuwa mpweke, na upweke ulimkondesha.

Siku moja mhudumu wa afya wa mtaa alipanda ngazi akihema, daftari la jiji kwapani.

"Hodi, mama. Hii mara ya tatu nakuja. Ngazi zako zitaniua kabla ya ugonjwa."

"Karibu, mwanangu. Kaa upumzike."

"Nimemfuata baba, mume wako. Wewe umeshachanjwa. Jina lake lipo, lakini mwenyewe hajatokea. Yuko wapi?"

"Ametoka."

"Na juzi alikuwa ametoka. Huyu mzee hana miguu, ana magurudumu."

Mama Vifungo alicheka kidogo, kisha uso ukambadilika. Mhudumu akaacha utani na kufunga daftari.

"Mama, niambie. Baba yuko wapi?"

"Alikwenda kumwona wifi yangu, mbali," alisema Mama Vifungo. "Jiji likafunga barabara. Akaugua hukohuko, wakamzika hukohuko. Mimi niliambiwa kwa simu. Sikutupa hata konzi moja ya udongo. Watu wa jiji walipokuja kuhesabu, wakaniuliza tuko wangapi humu ndani. Ulimi uligoma. Nikasema wawili."

"Pole sana, mama."

"Sasa ukilifuta jina lake, mimi nibaki na nini?"

Mhudumu alivuta kiti karibu.

"Halifutwi, mama. Linahamia daftari la waliofariki, jina lake lote na tarehe yake. Hata aliyefia mbali huandikishwa hapa alipokuwa akiishi. Jiji hupeleka huduma kwa kuangalia daftari. Na kwa daftari, mtaa huu haujafiwa na mtu hata mmoja. Ndiyo maana hema la chanjo limewekwa kule stendi, na wazee wa huku hawafiki."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Si lako peke yako. Wengi wamenyamaza. Na kuna jingine. Wanaoishi peke yao wana orodha yao. Jiji huwapigia simu mara mbili kwa wiki kuwajulia hali. Wewe hatukukupigia kwa sababu tulijua una mwenzako."

Mama Vifungo aliitazama simu yake mezani. Miezi minane tangu msiba ilikaa pale ina chaji tele, na haikuita. Maneno yale yalimchoma.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Mwombe wifi yako barua ya kiongozi wa mtaa alikozikwa baba. Chukua na kitambulisho cha baba, uende ofisi ya kata. Hulipi kitu."

Siku nne hakupiga. Alishika simu, akaiweka, akarudi kwenye vifungo. Siku ya tano akapiga.

"Wifi," sauti ya upande wa pili ilitetemeka, "nilidhani umetukasirikia kwa kumzika bila wewe. Nikaogopa kukupigia."

Walilia wote wawili. Barua ilifika wiki iliyofuata.

Ofisini, karani alimwuliza, "Jina la marehemu?"

Hakuna aliyewahi kumwita mumewe hivyo mbele yake. Alilitaja lote, taratibu.

"Kazi yake?"

"Fundi kufuli."

"Umri?"

"Sitini na moja," alisema, kisha akashindwa kuendelea. Alilia kwa sauti mbele ya watu. Karani aliacha kuandika, akasubiri. Mwanamume mmoja kwenye foleni akaguna.

"Mwache amalize," alisema mwanamke nyuma yake. "Kufuli la mlango wangu alilitengeneza mume wake."

Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini. Mkononi alishika bahasha kama ya Mama Vifungo.

"Na wewe pia?"

"Mama yangu. Tangu mwaka jana."

Mwezi ule familia kumi na nne za mtaa ziliandikisha vifo vyao. Hema la chanjo likaletwa mwisho wa barabara, na wazee wakafika kwa fimbo zao. Jumatatu na Alhamisi simu ya Mama Vifungo iliita, na mtu akamwuliza ameamkaje.

Lakini kabla ya hayo, jioni ileile ya siku ya ofisini, jirani alibisha hodi, na safari hii aliyebisha hakuondoka. Nyuma yake walikuwepo watu wa jengo zima. Walikuja kumpa pole. Viti havikutosha, wengine wakakalia magunia ya mashati. Kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia juu ya fundi yule. Mama Vifungo aliwasikiliza wote. Walipoaga, aliona kwamba sasa mume wake amezikwa.