Safi, Kutoka Sufuri Hadi Mia

Kovu lilikuwa kidevuni, pale Jannat alipojigonga kwenye ngazi akiwa na miaka mitatu. Jumanne mchana, akimfunga mtandio, mamake Ruweida aliona halipo.

"Kovu lako limeenda wapi?"

"Kovu gani, mama?"

Ruweida akacheka, akajiambia ni macho tu yamechoka. Mwaka huo wa 1998 Ayub, kaka yake Ruweida, alinunua Mombasa kompyuta kuukuu pamoja na skana yake ya kuingizia picha, akaiweka kwenye studio yao ya picha hapa Voi na kumwachia dada mtu aichunguze. Akajifunza peke yake, filta baada ya filta: hii yaondoa vumbi, hii yalainisha ngozi, ile yakaza sura iliyofifia. Kila moja ina alama ya kuvuta kwa kipanya, kutoka sufuri hadi mia. Aliyekuwa nayo zamani alikuwa amehifadhi mpangilio wa tayari, filta nyingi kwa kubofya mara moja, akauita Safi.

Na Safi ilikuwa kiboko. Watu wa milimani walileta picha za vitambulisho vya marehemu wao, zikuzwe ziwekwe mbele ya jeneza, na Safi ikawatoa wamenawiri. Elsie wa Mwatate alipoona uso wa babake alilia, akamkumbatia Ruweida.

Sasa tazama mapenzi ya mama yanavyoponza. Kompyuta ile ilikuwa ya picha za misiba tu. Lakini Jumatatu Ruweida alitaka mwanawe apendeze kwenye picha ya mtihani wa darasa la nane, akaitia Safi, akaivuta hadi ishirini, akahifadhi.

Jumatano nyusi za Jannat zilikuwa zimepungua. Alhamisi aliitwa mara tatu asiitike, na alipogeuka pua yake ilikuwa imelala, na sauti imekuwa nyembamba. Ruweida alikimbia hadi studio bila viatu.

Ndani kulinuka kafuri, ile ya kuoshea maiti. Kwenye kioo cha kompyuta, picha ya Jannat ilikuwa imefunguka yenyewe. Alama ilisimama kwenye sabini.

"Kaka, umeigusa?"

"Wallahi sijaigusa," Ayub alinong'ona. "Ruweida... inatembea."

Sabini na moja. Ruweida akabonyeza kurudi nyuma, lakini programu ile yarudi hatua moja tu, na hatua ile ilishapita. Akainua kwenye mwanga negativu, ile filamu ya picha ya Jannat, nayo ilikuwa haina nyusi. Akafungua Safi aone ni filta gani zimepangwa humo, azitoe moja moja, na orodha ilikuwa tupu, hamna filta hata moja, hamna chochote kilichokuwa kikifanya kazi ile yote siku zote zile, ila mlio mdogo ndani ya mashine, wa mtu avutaye pumzi ndefu asiitoe, na mlio ule haukukoma hata Ayub alipochomoa waya ukutani, wala kioo hakikuzimika, wala alama haikusimama.

Maalim Miraj aliitwa, akavuta hewa mlangoni, uso ukamkunjamana.

"Huyu aliyemo humu amezoea nyuso za waliokufa. Wewe umemwonjesha aliye hai."

"Mtoe, maalim! Nakuomba, ni mwanangu!"

Maalim akasoma hadi kanzu ikamganda mgongoni. Alama ikakwama kwenye tisini na mbili, ikitetemeka.

"Atoka, lakini hatoki mikono mitupu. Ataka uso mwingine wa aliye hai, tena utolewe kwa ridhaa, na mimi siwezi kumwambia mtu..."

Ruweida hakumngoja amalize. Alifumba macho, akalaza uso kwenye kioo cha skana, na mwanga ukampita taratibu. Kisha akabofya Safi, akaivuta mwenyewe hadi mia.

Mashine ikatoa pumzi, ikanyamaza. Kafuri ikaisha. Ayub akamtazama dadake, akatazama pembeni haraka.

"Nenda kwa mtoto," maalim alisema kwa huzuni.

Jannat alikuwa ameketi mkekani anakunywa chai, nyusi zake, pua yake, kila kitu mahali pake. Ruweida alipiga magoti akilia, Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, akanyoosha mikono.

Jannat akasogea nyuma kidogo, kwa adabu.

"Shikamoo. Mama hayuko, ameenda studio. Keti umngoje, hachelewi."