Reki Kwenye Kishamba cha Kulungu

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Britta alimpelekea babu yake kahawa kitandani. Mzee Orrin alikuwa na ugonjwa wa moyo, na hakuweza tena kutembea mbali zaidi ya mlango wa jikoni. Alitamani kitu kimoja tu. Alitaka kukaa garini kando ya kishamba chake nyuma ya kilima, awaone kulungu wakila, kabla hajafa. Alisema hivyo waziwazi, na hakuna aliyembishia.

Kishamba hicho kilikuwa cha kulungu, si cha watu. Kila mwaka babu alipanda humo figili na klova, majani mafupi wanayoyapenda kulungu, na hakukilima hata siku moja, maana kilikuwa kwenye mteremko na mvua ingebeba udongo wote mpaka kijitoni. Mwaka huu kazi ilimwangukia Britta.

"Rusha mbegu humohumo kwenye magugu," babu alimwelekeza. "Halafu yakate, yazilalie. Baada ya hapo usiguse kitu. Hilo ndilo blanketi la mbegu."

"Nimeelewa, babu. Mimi si mtoto."

"Haya, mama mtu mzima. Nenda."

Britta alirusha, akakata, na alifanya vizuri kabisa. Balaa lilikuja kwa baiskeli. Darrell, mtoto wa jirani, alisimama akacheka.

"Hilo shamba, au ng'ombe wamelala hapo? Mtu akiona atadhani mmehama."

Britta aliona aibu. Aibu ya bure, nawaambia, kwani huyo Darrell hajapanda hata kitunguu. Britta alichukua reki akayakokota majani yote mpaka ukingoni, kishamba kikabaki safi kama sebule. Jioni hiyo bata mzinga wa porini walikuja wakazidonoa mbegu zilizokuwa wazi. Zilizosalia zilikaushwa na jua. Hakikuota kitu.

"Zimeota?" babu aliuliza baada ya siku chache.

Britta aligeukia dirishani. "Zimeanza, babu. Bado fupi."

Babu alifurahi, akamaliza mkate wake wote. Hapo ndipo Britta alipozidi kukwama, kwa sababu kila asubuhi aliulizwa, na kila asubuhi alimwongezea babu klova isiyokuwepo. Baba yake aliendesha lori la maziwa na kurudi usiku. Yeye na Bibi Marlys, mkewe babu, walimwamini Britta, hawakwenda kuangalia.

Septemba ilipokaribia kwisha, Britta alimkuta babu ameketi kitandani, amevaa kofia yake ya kuwindia.

"Mwambie baba yako Jumamosi hii anipeleke. Sasa zimekua."

Britta aliweka kikombe chini akaanza kulia. Alisema yote, ya reki, ya bata mzinga, na ya uongo wa kila asubuhi.

Babu aliivua kofia akaiweka mapajani. "Umeniumiza, mjukuu wangu," alisema. "Figili muda wake umepita. Lakini rai ni nafaka ngumu, inaota hata kwenye baridi. Jumamosi tunapanda."

Jumamosi baba alimbeba babu mpaka garini. Britta alirusha rai kwenye magugu yaliyoota upya, akayakata, kisha akayarudisha kwa mikono majani yale aliyoyaondoa. Babu alielekeza kutoka dirisha la gari, amefunikwa blanketi.

"Hapo kushoto funika. Pana upara kama wangu."

Britta alicheka huku machozi yanamtoka. Usiku mvua ilinyesha, na baada ya siku chache rai ikatoka. Safari hii alimletea babu miche mkononi, ikiwa na mizizi na udongo wake. Babu aliinusa, akaifumbata. Wiki hiyohiyo alifariki. Miche ilikuwa bado mifupi, hakuna kulungu aliyekuja.

Siku chache baada ya mazishi, Bibi Marlys alimpeleka Britta kwa gari mpaka kando ya kishamba. Jua lilipopungua, kulungu jike na watoto wake wawili walitoka msituni wakaanza kula. Britta alilia mpaka kifua kikamuuma.

"Angewaona, bibi. Ningesema mapema, angewaona."

Bibi hakumbembeleza kwa uongo. "Ndiyo, angewaona."

Alimfuta machozi kwa shali lake. "Lile kosa la reki, babu yako alilirekebisha kwa mchana mmoja. Zile wiki ulizomficha ukweli ndizo hakuna aliyeweza kuzirudisha. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, hata kama mdomo unatetemeka. Unanisikia?"

"Nakusikia, bibi."

Walikaa pale, wameshikana mikono, mpaka kulungu waliposhiba wakaondoka.