Jumamosi za Claudia na Nduwayo

"Bado," Nduwayo alisema, vidole vyake vikiwa vimezama katika nywele za Claudia. "Bado zina mafuta. Tusubiri kidogo."

Claudia alishusha pumzi, akajitazama kwenye kioo cha saluni.

"Nywele gani hizi zisizokauka?"

"Zitakauka. Njoo Jumamosi nizitazame tena."

Saluni hiyo ilikuwa nyuma ya soko la Biharamulo, na Claudia alikuwa muuzaji katika duka la dawa si mbali na hapo. Kwao ni Bukiriro, wilaya ya Ngara. Tangu akiwa mtoto mama yake alimzoeza kupaka mafuta kichwani kila jioni, na hata alipokuwa mtu mzima hakuacha. Alijipaka yale mafuta mazito ya mgando mpaka foronya ya mto wake ikawa na doa lisilotoka. Basi alipoamua kuweka dredi, mafuta hayo ndiyo yaliyomzuia.

Nduwayo alimweleza wazi tangu siku ya kwanza. Nywele zenye mafuta zinateleza, hazishikani. Ukizisokota leo, kesho zimefumuka, na mafuta yanayobaki ndani yanashika vumbi ambalo kulitoa ni kazi. Hakumuuzia kopo la kitu chochote. Alimwambia aache kupaka mafuta kabisa, aoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha asuuze kwa maji mengi yaliyokamuliwa limau kidogo. Ngozi ikimwasha apake ute wa mshubiri. Afue foronya mara kwa mara, asizishikeshike nywele, na wala asioshe kila siku, maana ngozi ikikaushwa kupita kiasi hutoa mafuta zaidi.

Claudia alifuata yote. Na kila Jumamosi alirudi, akakaa kwenye kile kiti, Nduwayo akamkagua kichwa taratibu huku wakipiga stori. Ndivyo alivyojua kwamba wazazi wa Nduwayo walitoka Burundi wakahamia Kirushya, kwamba baba yake, mzee Sindayigaya, bado hajakubali kuwa kusuka ni kazi ya mwanamume, na kwamba kijana huyu mpole hucheka kwa pua kabla ya mdomo. Siku nyingine waliandikiana kwa simu.

"Umeosha?"

"Nimeosha. Limau limeniingia jichoni."

"Pole. Jicho lipi?"

"La kushoto."

"Basi na mimi nimefumba la kushoto mpaka utakapopona."

Claudia alicheka peke yake nyuma ya kaunta mpaka mteja akamuuliza kulikoni.

Halafu ikafika harusi ya Nice, mdogo wake. Claudia alitamani sana kwenda Bukiriro dredi zikiwa kichwani. Nduwayo akazishika nywele, akasema tena kwamba bado. Kuzisuka vingine Claudia hakutaka, akaogopa kuharibu alichokwisha kukifanya. Akajifunga kilemba. Huko harusini mashangazi walinong'ona, na mmoja akataka kujua kwa nini mtoto huyu anaficha kichwa. Kwenye picha Claudia alisimama nyuma kabisa. Alirudi Biharamulo bila kumlaumu mtu, akidhani mwili wake ndio mkaidi.

Jumamosi iliyofuata hakumkuta Nduwayo, alikuwa amekwenda Kirushya kumwona baba yake. Msusi mwenzake, Francisca, ndiye aliyemkaribisha. Akazipekua nywele, akachukua karatasi laini nyeupe, akaipitisha kwenye ngozi ya kichwa. Ikatoka nyeupe vilevile.

"Mafuta gani unayoyasubiri?" Francisca aliuliza.

"Nduwayo amesema bado yapo."

Francisca aliiweka ile karatasi mapajani mwa Claudia.

"Dada, hizi ziko tayari tangu kabla ya harusi ya mdogo wako. Nilimuuliza mbona hamsokoti huyu, akabadili mazungumzo. Nikajua mnaelewana wenyewe."

Claudia alitoka nje, akasimama kando ya ukuta, akapiga simu.

"Nduwayo, nywele zangu zina mafuta?"

"Uko saluni?"

"Nakuuliza."

"Hazina."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya harusi."

"Na ukaniacha niende nimejifunga kitambaa, watu wakinitazama."

"Niliona nikishakusokota utaondoka, nisikuone mpaka zitakapotaka kurudiwa. Nikaziogopa Jumamosi ambazo haupo."

"Ungesema."

"Niliogopa utaniona kama wale wanaotongoza kila anayekaa kwenye kiti."

"Ukaona heri unidanganye."

"Claudia..."

Claudia akakata simu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba naye alikuwa akizisubiri Jumamosi hizo.

Aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la Ngara kwenda kumsaidia mama yake kuvuna maharage. Ujumbe wa Nduwayo ulikuja, ukaja mwingine, yeye anasoma na kufunga simu. Mama yake, Consolatha, alimwona akifanya kazi bila kuimba, hakumhoji. Mwishowe ukaja ujumbe huu:

"Sikuombi unisamehe kwa simu. Naomba nije nimweleze mama yako kwa nini ulifunga kilemba. Ukikataa sitakuja."

Claudia alishinda nao siku nzima. Jioni akajibu neno moja: "Njoo."

Nduwayo alishuka kwenye bodaboda amevaa shati lililopigwa pasi, mkononi ana sukari na sabuni. Consolatha alikuwa uani akipepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Hakuzunguka. Alisema yeye ni nani, akaeleza kwamba nywele zilikuwa tayari na alilijua hilo, na kwamba alidanganya ili binti aendelee kuja. Consolatha aliweka ungo chini.

"Unajua wifi yangu aliniuliza nini siku ile? Kama mwanangu ana ugonjwa ninaouficha. Lile swali linaniuma mpaka leo."

"Sikujua, mama."

"Sasa umejua."

"Naomba msamaha. Kwake na kwako."

Mama akamsogezea ungo.

"Kaa hapo, utoe mawe. Mimi nakwenda kupika."

Walibaki wawili, ungo katikati yao. Nduwayo alichambua kwa makini kama anayegawa nywele, jiwe moja baada ya jingine.

"Umekuja na vifaa vyako?" Claudia aliuliza.

"Hapana. Sikuja kusuka."

"Nisipokupa hiki kichwa tena, utakuwa na sababu gani ya kuniona?"

Nduwayo aliacha kuchambua.

"Sina nyingine. Ni kwamba nakupenda. Ilitakiwa nianze na hiyo."

Claudia aliinamisha uso. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ungo, akaokota jiwe lililokuwa mbele ya kidole cha Nduwayo, akalitupa.

"Dredi atanisokota Francisca," alisema. "Wewe utakaa pembeni unishike mkono pale atakaponivuta. Na kuanzia leo ukitaka kuniona, sema unataka kuniona. Usikisingizie kichwa changu."

"Nimekubali."

"Mimi bado nina hasira."

"Najua."

"Lakini kula kwanza. Mama akipika halafu mgeni asile, atanigombeza mimi."

Walikula ndizi na maharage mapya, na Consolatha akamuuliza Nduwayo habari za wazazi wake kwa utaratibu, swali baada ya swali, kama mama anayetaka kuijua familia ya mtu.

Francisca alimaliza dredi za Claudia Jumapili moja baada ya misa, Nduwayo akiwa pembeni ameshikilia mkono kama alivyoagizwa. Zilishikana vizuri, hazikufumuka. Na zilipogusa mabega, mzee Sindayigaya alitoka Kirushya akaenda Bukiriro na mwanawe na ndugu zake, wakakaa sebuleni kwa Consolatha kusema kilichowaleta.

Mzee alipomwona Claudia akiingia na chai, alizitazama zile dredi kwa muda mrefu.

"Nani aliyekufanyia kazi nzuri namna hii?"

Claudia alimwangalia Nduwayo, ambaye ghafla aliona kikombe chake kina kitu cha kutazamwa.

"Nywele alizitayarisha mwanao, baba," alisema. "Alijitahidi sana. Hakuwa na haraka hata kidogo."