Mayai Chini ya Changarawe

Kila vuli samaki aina ya samoni hupanda kijito chetu kutaga. Mimi na mwanangu Wendell huwakausha kwa moshi wa mti wa alda. Mwaka mmoja nusu ya fito za kukaushia samaki kibandani zilibaki tupu. Tungekula nini majira ya baridi?

"Ni wale wakata magogo!" nilifoka. "Mvua ikinyesha, barabara yao inamwaga tope kijitoni. Hawana haya!"

Theluji ilipoanza, alikuja jirani yetu Arlene, mtunza samaki wa kabila letu. Alinivisha glavu zake, kisha akachimbua changarawe ya kijitoni taratibu. Mayai yalitoka meupe, yamekufa.

"Yai la samoni linapumua, Shangazi," alisema. "Maji yakipita kati ya mawe, yanaliletea hewa. Tope laini likiziba nafasi hizo, yai linakosa pumzi. Juu utaona maji maangavu, kumbe chini mayai yanakufa."

"Twende tukawakabe wenye barabara!"

"Tutaenda. Lakini alama hizi za magurudumu kwenye changarawe ni za nani?"

Wendell, aliyekuwa nasi, alitazama pembeni. Hapo ndipo alipovushia gari lake kufuata kuni za alda.

"Mama ndiye anayetaka kuni za ng'ambo," alisema.

"Usinisingizie! Mimi naendesha gari?" Hasira ikanipanda upya. "Tunarudisha mifupa ya samoni mtoni kwa heshima, kama mila yetu, halafu tunawaponda watoto wao!"

Kesho yake Wendell alilaza gogo nene juu ya kijito, akaanza kubeba kuni mgongoni, akinung'unika.

Mimi na Arlene tulikwenda kwa wakata magogo. Niliweka chupa ya mayai yaliyokufa mezani kwa mkubwa wao.

"Mama, haya ni mayai tu," alisema.

"Basi uyale wewe. Sisi umetunyima samaki."

Hakucheka. Tulirudi tena na tena, na majirani wakatufuata, mpaka wakata magogo wakachimba mitaro ya kupeleka tope msituni, mbali na maji.

Mvua kubwa za vuli zikaosha changarawe, na samoni wakataga tena. Baridi iliyofuata, Arlene alichimbua mahali palepale. Mayai yalikuwa ya rangi ya chungwa, kila moja na vidoa viwili vyeusi.

"Macho," alisema, akiyafukia upesi yasipate baridi.

"Yanatutazama," Wendell alinong'ona.

"Basi shika adabu," nikamwambia. "Kabebe kuni."