Zamu ya Alhamisi

Jokha alirudi kazini saa nane mchana, akapanda juu kubadili nguo, akakuta mto wake una joto. Mumewe, Muhiddin, alikuwa amelala upande wake wa siku zote. Kazi yake ilikuwa ya usiku, ghalani Hayes. Mto wa Jokha ulinuka sufu iliyorowa na moshi wa udongo. Akavua foronya, akaifua.

Mwaka mzima ule wa 1998 Muhiddin alikuwa akimsaka babu yake, Mzungu wa Ayalandi aliyekwenda Unguja kutengeneza waya za simu, akasilimu, akaoa, akafia huko. Aliandika barua Dublin, akaandika Unguja, hadi kutoka Dublin ikaja nakala ya cheti cha ndoa ya kwanza. Kumbe babu aliacha mke kwao, kijiji kinachochoma udongo mkavu badala ya kuni, aitwaye Nora, akingoja meli hadi kufa. Muhiddin alilia. Jokha, miaka kumi na tisa ya ndoa, hakuwahi kuliliwa, hata siku aliyopasuliwa.

Babu aliposomewa hitima nyumbani kwao Wembley, Muhiddin alitia jina la Nora katika orodha ya marehemu. Jokha alimwambia aliache, mtu mwenyewe hawamjui na ubani unawaka, anayetajwa huja. Muhiddin akasema naye ni bibi yao. Akamtaja mara tatu juu ya chetezo, akamkaribisha.

Mto ulifuata wiki ile ile. Baada ya mto zikaja nywele nyekundu kwenye kitana, kisha Jumanne moja Jokha akiwa ngazini na kapu la nguo akamsikia mumewe chumbani akinong'ona kwa upole ambao yeye alishausahau, na kila aliponyamaza mwanamke akacheka kidogo, kitanda kikalia, na Jokha aliposukuma mlango akamkuta Muhiddin peke yake, usingizini, mdomo umefumba, na upande wa pili godoro likiinuka polepole, kama mtu ndiyo kwanza ameondoka.

Bi Mwanabaraka, mganga wa Kipemba aliyekaa Harrow, alikuja akamfunika Muhiddin shuka jeupe, akamfukiza mpaka sauti nyembamba ikamtoka.

"Nani wewe?" mganga akauliza.

"Mkewe."

"Mkewe huyu hapa."

"Mimi nilitangulia."

Jokha akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, mumeo kafa. Huyu mjukuu."

"Sura ni ile ile. Na kaniita mwenyewe."

Mganga akamvuta Jokha jikoni. "Huyu kakaribishwa, mwanangu, hatolewi kama mwizi. Mpe zamu, kama mke mwenza. Ukimnyima atamchukua mzima."

Jokha alikaa kitako juu ya ndoo. Alimwonea wivu, lakini hakutaka kumpoteza mume. Akakubali: Alhamisi, mchana tu. Wakarudi chumbani, sauti ikaapa.

Miezi miwili kiapo kilishikwa. Kila Alhamisi Jokha alizunguka madukani mpaka magharibi, hanunui kitu, akijizuia kufikiria kitanda chake.

Kisha Jumatatu moja alirudi akakuta mlango wa chumba umefungwa kwa ndani. Akabisha.

"Nani?" akauliza Muhiddin.

"Mimi, mkeo. Fungua."

Ndani kikasikika kicheko kidogo cha mwanamke. Muhiddin akajibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni aliyekosea siku.

"Mke wangu yumo humu, bibi. Wewe zamu yako Alhamisi."