Maksai wa Vijana wa Jembe

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya miamba ya Kharumwa, Athanas aliosha vioo. Vilikuwa vioo vidogo vyembamba, vya kupakia damu ya ng'ombe ili itazamwe kwa hadubini. Alivisugua, akavisuuza, akavipanga juu ya kitambaa, kisha akaanza kunung'unika. Haya jamani! Kijana aliyefika chuo cha mifugo, anaosha vioo kama mtoto anayewaoshea wageni vikombe!

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Chuo kilikuwa na desturi ya kuwapeleka wanafunzi kwenye vituo vya mifugo, wakajifunze kazi kwa mikono kabla ya kupewa cheti. Athanas, mwenye umri wa miaka kumi na minane, alipangiwa kituo cha Kharumwa chini ya Bwana Mifugo Marselino. Mwisho wa mazoezi, Marselino ndiye angesema kama kijana huyu anafaa au hafai. Akisema hafai, basi, masomo yameishia hapo. Arudi kwao akachunge.

Marselino alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Swali lake lilikuwa moja karibu kila siku.

"Ukikuta ng'ombe amekufa ghafla, utafanya nini?"

"Sitampasua. Nitauliza amekufaje. Nitatazama kama damu inatoka puani au mdomoni. Kisha nitachukua damu kidogo ya sikioni, niipake kwenye kioo."

"Na kama wenyewe wamekwisha kumpasua?"

"Nitatazama bandama."

"Lini?"

"Kabla ya kusema neno lolote, bwana," Athanas alijibu, huku moyoni akisema: mzee huyu naye, wimbo ni uleule!

Jumamosi moja aliruhusiwa kwenda nyumbani. Kwao ni kwa mjomba wake, Maganga, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Juma hilo vijana wa kijiji walikuwa wamemlimia Maganga shamba lake la pamba. Usukumani vijana hulima pamoja kwa nyimbo, wakiongozwa na mkubwa wao, na mwenye shamba huwalipa ng'ombe wa kula. Maganga alikuwa amewaahidi maksai mnono, na siku ya kumla ilikuwa hiyo.

Athanas aliposhuka kwenye baiskeli, alishangaa. Vyungu vilikuwa motoni, nyama zimetandazwa juu ya majani, lakini hakuna aliyeimba. Vijana walisimama na majembe yao mabegani, nyuso zimekunjamana. Mageni, kiongozi wao, alikuwa anazungumza na Maganga kwa sauti ya juu.

"Baba, shikamoo tumekupa, na heshima yako ipo. Lakini desturi ni sisi kumchagua maksai na kumwangusha wenyewe. Leo tumekuta amekwisha kuchunwa. Na mbona damu pale chini ni kidogo hivyo?"

"Unaniita mwongo nyumbani kwangu?" Maganga alifoka. Mara akamwona Athanas, uso ukamng'aa. "Haya, mwenye elimu huyu hapa! Amesomea magonjwa ya ng'ombe. Aseme yeye!"

Watu wote wakamgeukia Athanas. Hata wazee walikuwa wakimngoja. Tangu azaliwe hajawahi kungojwa na wazee! Kichwa kikamvimba. Akanyoosha shati lake la kaki, akasogea, akabonyeza pande moja la nyama kwa kidole, akatikisa kichwa kama alivyowaona wakubwa wakifanya.

"Nyama safi," akasema. "Kuleni."

Vijana wakapiga kelele za furaha, majembe yakatupwa chini. Wengine wakachomeka maini kwenye vijiti na kuyaweka juu ya makaa. Mbuke, mke wa Maganga, alichochea moto bila kuinua macho.

Athanas alizunguka nyuma ya nyumba kuegemeza baiskeli yake. Huko alimkuta Limi, binti mdogo wa Maganga, akifukuza mbwa kwa fimbo wasifikie karai la matumbo. Athanas akatupa jicho ndani ya karai. Akasimama kama aliyegongwa.

Bandama lilikuwa limevimba kupita kiasi. Lilikuwa jeusi, laini, linamwagika kama uji.

"Limi! Umelishika hili?"

"Sijalishika, kaka. Mama ndiye aliyetoa matumbo."

"Usiguse kitu. Rudi nyuma. Rudi!"

Kimeta. Alikuwa amekariri habari zake mpaka akachoka nazo. Kimeta huvimbisha bandama, huua ng'ombe mzima kwa muda mfupi, na mtu anayemchuna au kumla anaweza kumfuata kaburini. Akisema, atamvua nguo mjomba aliyemlea, mbele ya kijiji kizima. Na yeye mwenyewe? Bwana Mifugo akisikia kwamba alisema "kuleni" kabla ya kutazama, cheti kitatoka wapi? Labda si kimeta, alijiambia. Labda macho yangu yamenidanganya. Nikinyamaza, nani atajua?

Upande wa pili wa nyumba wimbo ukaanza. Walikuwa karibu kula. Athanas alikimbia.

"Msile! Jamani, msile! Nyama hiyo ina kimeta!"

Wimbo ukakatika. Mageni alikuwa ameshika kijiti cha maini, mdomo u wazi. Athanas alimpiga mkono, kijiti kikaangukia majivuni.

"Umerogwa?" Maganga alinguruma. "Sasa hivi umesema ni safi!"

"Nilisema kabla ya kutazama, mjomba. Nimekosea."

"Ala! Basi tumwamini Athanas yupi, wa kwanza au wa pili?" Maganga akauliza.

Watu wakacheka, lakini kicheko chao hakikuwa kizuri. Athanas alisikia aibu ikimchoma masikioni.

"Mwaminini wa pili," akasema. "Wa kwanza alitaka sifa."

Maganga akamkamata shati kifuani. "Mimi nimekulea, nimekusomesha, leo unanitia aibu kwa wageni wangu? Ondoka!"

Vijana nao walikuwa wamechoka na wana njaa. Mmoja akafunua chungu. Mwingine akasema mtoto wa shule anawachezea. Athanas alijinasua akasimama mbele ya vyungu, mikono ameitanua.

"Nisikilizeni! Nina mtamba mmoja, mjomba mwenyewe ndiye aliyenipa. Mtu asiguse nyama mpaka Bwana Mifugo afike. Akisema ni safi, mtamba wangu ni wenu, mchinjeni. Na kazi ya mifugo nitaiacha leo hii."

Kwa Msukuma kumtoa mtamba wake wa pekee, mama wa zizi la kesho, si mzaha, na kila mtu pale alijua hivyo. Mageni akawageukia wenzake.

"Mmesikia, mashahidi mpo. Vyungu viteremshwe, visiguswe. Aliye mwepesi achukue baiskeli, aende Kharumwa."

Kijana mmoja akarukia baiskeli akaenda, wengine wakangoja. Jua lilipanda, nzi wakajaa juu ya nyama, na mbwa wakawa wanafukuzwa na kurudi. Maganga alikaa kwenye kigoda amewapa watu mgongo. Athanas hakuondoka mbele ya vyungu. Je, kama amekosea mara ya pili? Atakuwa amepoteza mjomba, mtamba na kazi, vyote kwa siku moja.

Mwishowe Mbuke ndiye aliyesimama.

"Baba Limi, nisamehe, mimi siwezi tena. Wanangu, maksai huyu hakuchinjwa. Tulimkuta zizini asubuhi amekwisha kufa, damu inamtoka puani. Tulimkata shingo ili ionekane amechinjwa."

Vijana wakaguna. Mageni akatema mate chini. Maganga aliinamisha kichwa.

Pikipiki ya Bwana Mifugo ilisikika kabla haijaonekana. Marselino alishuka, akasalimia, akauliza kichwa cha maksai kiko wapi. Alichukua damu kidogo ya sikioni, akaipaka kwenye kioo, akaitia dawa ya buluu, kisha akaweka hadubini yake juu ya kigoda. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kioo hiki ameosha nani?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mimi, bwana."

"Ni kisafi. Naona bila shida." Akainuka. "Ni kimeta. Aliyekula anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka. Mwanamke mmoja akaanza kulia, na Mageni akakaa chini palepale.

Mchana huo majembe yalifanya kazi nyingine. Vijana walichimba shimo refu, wakatupa humo nyama, ngozi, matumbo na vyungu vyenyewe, wakamwaga chokaa na kufukia. Wote walioshika nyama walioshwa mikono kwa dawa. Siku chache baadaye Mbuke alitokwa na kidonda cheusi kidoleni. Kwa kuwa walikwisha kuonywa, alikimbizwa hospitali ya misheni, akachomwa sindano, akapona. Daktari alisema wangechelewa wangemzika.

Siku ile ya kimeta, shimo lilipokwisha kufukiwa, Athanas alimfuata Bwana Mifugo kwenye pikipiki.

"Bwana, kuna jambo sijakwambia. Mara ya kwanza niliwaambia nyama ni safi. Sikutazama bandama."

"Najua. Aliyekuja kuniita amenieleza yote. Nilikuwa nangoja nisikie kutoka kwako." Marselino alimtazama usoni. "Sikiliza, kijana. Elimu yako itakupa nafasi ya kusema, na watu watakuamini. Hapo ndipo penye hatari. Asiyesoma akikosea, huenda akaumia peke yake. Wewe ukikosea, kijiji kizima kinakula kosa lako. Kwa hiyo tazama kwanza, ndipo useme. Na ukisema vibaya, lirudishe neno lako mapema, hata kama aibu inakuunguza."

"Je, bwana, nafaa?"

"Jumatatu kuna vioo vya kuosha," Marselino alijibu, akaondoka. Athanas aliviosha bila kunung'unika, na mazoezi yalipokwisha, Bwana Mifugo alisema neno moja tu: anafaa.

Lakini kabla ya hapo, deni la jembe lilikuwa bado kulipwa. Ng'ombe wote wa kijiji walipokwisha kuchanjwa na Bwana Mifugo kutoa ruhusa, Maganga aliwaita tena vijana. Safari hii aliwapeleka zizini akawaambia wachague. Walimchagua maksai mwekundu, wakamwangusha wenyewe, akachinjwa mbele ya watu wote. Moto ukawaka. Maganga akasimama, akakohoa.

"Mwanangu Athanas," akasema, "njoo ututazamie."

Athanas alipiga magoti kando ya karai, akalitafuta bandama, akaligeuza polepole huku na huku. Kijana mmoja alilalamika kwamba njaa inamwua.

"Mwache atazame," Mageni alimkemea.

Athanas alitazama mpaka akaridhika. Kisha akanawa mikono, akainuka, akasema, "Kuleni."